Barua ya wazi kwa wanaoidhinisha mapaa ya Dar es Salaam

Ndugu Mkuu wa Mkoa, ndugu Mkurugenzi wa Jiji, ndugu wakurugenzi wa manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, waheshimiwa madiwani, na ninyi wahandisi mnaosaini michoro na makadirio ya majengo ya umma,

Shikamooni wakubwa wangu, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni fundi wa kuezeka. Kazi hii niliianza nikiwa saidia fundi, napandisha mbao na kuokota misumari iliyodondoka, na sasa huu ni mwaka wa 22 nipo juu ya kenchi. Nimeezeka vibanda vya kuku, nyumba za kupanga, misikiti, makanisa, fremu za biashara na madarasa. Nawaandikia kuhusu jambo moja tu: rangi na aina ya paa mnalolipitisha kila mnapojenga. Mnalichukulia kama pambo. Mimi ninayepiga magoti juu yake nawaambia kuwa ndilo linaloamua kama aliye chini yake atafanya kazi, atasoma na atalala.

Kwanza mjue ratiba yetu. Fundi wa paa hapa Dar anapanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa tano anashuka, apende asipende, na hapandi tena mpaka saa kumi alasiri. Mwezi wa pili na wa tatu ukiacha futi yako ya chuma juu ya bati saa saba, huishiki tena kwa mkono mtupu. Kandambili inalainika unyayo. Msumari ulioubana mdomoni unautema.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naezeka nyumba Chamazi, bati la rangi ya mkaa, hii ambayo sasa kila mwenye nyumba anaitaka kwa sababu inaonekana ya kisasa. Mabati yakapungua. Dukani ile rangi ilikuwa imekwisha, na mwenye nyumba alikuwa na haraka, akaleta mabati mawili meupe, akasema, "Fundi, weka haya nyuma, upande wa jiko, nani atayaona?" Tukayaweka. Siku hiyo tulichelewa kushuka, jua likatukuta juu. Kijana wangu bila kuambiwa na mtu akajikokota mpaka kwenye yale mabati mawili, akakaa. Nikamfuata. Palikuwa na joto, sikatai, lakini tulikaa tukanywa maji. Kwenye lile la mkaa, hatua moja pembeni, usingeweza kuweka hata kiganja. Bati geji moja, yaani unene mmoja, jua moja, saa moja. Kilichotofautiana ni rangi peke yake.

Tangu siku ile nikaanza kuuliza na kusoma, na wanangu wakanisaidia kutafuta kwenye simu. Nitayasema niliyoyaelewa kwa lugha ya kazini.

Jua likiwa utosini, na anga ikiwa safi, kila mita moja ya mraba ya paa inapokea nguvu ya karibu wati 1,000. Hiyo ni pasi ya umeme moja kwa kila mita. Darasa la kawaida la mita 7 kwa 9 linabeba pasi zaidi ya 60 juu ya vichwa vya watoto. Paa jeupe lililo safi linarudisha angani karibu asilimia 80 ya nguvu hiyo. Kigae chekundu kinarudisha karibu theluthi. Paa jeusi au la kijivu kilichokoza linarudisha kama asilimia 10, kilichobaki linakimeza. Si chote kinachomezwa ambacho kinashuka ndani, upepo unaondoka na sehemu kubwa. Lakini upepo huo unakwenda wapi? Unakwenda kwa jirani. Pale Tandale, Manzese au Buguruni, mapaa yamekaribiana mpaka paka anatoka nyumba ya kwanza hadi ya kumi bila kugusa ardhi. Hewa iliyopashwa juu ya paa la huyu ndiyo inayoingia dirishani kwa yule. Ukiongeza lami ya barabara, kuta za tofali za saruji na miti iliyokatwa kupisha ujenzi, mji mzima unakuwa jiko.

Mtu ataniuliza, na lile bati la kawaida la zinki linalong'aa? Likiwa jipya linarudisha mwanga kiasi cha kuridhisha. Tatizo lake liko kwingine: ile nguvu kidogo inayoingia haitoki upesi. Chuma kitupu kinachong'aa ni kizito kutoa joto, ndiyo maana bati jipya linang'aa kama kioo na bado linakuunguza. Rangi nyeupe inafanya kazi zote mbili, inarudisha mwanga, na lile joto dogo lililoingia inalitoa haraka. Kisha mpe bati la zinki miaka kadhaa ya chumvi ya bahari yetu. Linapata kutu, linakuwa la kahawia, na ule mng'ao umekwisha. Panda ghorofa yoyote ya Kariakoo utazame chini upande wa Ilala, utaona bahari ya kutu.

Duniani wanaopima mapaa wanasema paa jeusi alasiri ya jua kali linafika nyuzi 65 na kupita, na jeupe katika jua hilo hilo linaweza kuwa chini kwa nyuzi 28. Mimi nina magoti yangu tu ya kupimia, lakini magoti yangu yanakubaliana nao.

Sisi tuna jambo la ziada ambalo watu wa Ulaya hawana. Mji wetu uko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Jua linapita juu kabisa ya Dar mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa sita na nusu hivi mchana, unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Kwao jua linapiga ukuta na dirisha kwa pembeni. Kwetu linapiga paa. Kwa hiyo pesa ya kwanza ya kupunguza joto, kama ipo, mahali pake ni juu.

Sasa niseme la moyoni.

Mwaka juzi nilipata kazi ya kuezeka madarasa mawili ya shule moja ya msingi. Jina la shule naliacha, na waliotoa makadirio nawaacha, maana nia yangu si kumchongea mtu. Karatasi ilisema bati geji 30, rangi ya bluu iliyokoza. Dari haikuwemo. Nilipouliza nikaambiwa ilikuwemo, bajeti ilipobana ikakatwa, itawekwa awamu ya pili. Nikauliza kuhusu rangi, nikaambiwa ndiyo rangi ya shule. Nilikuwa na vijana sita wanaosubiri posho. Nikaezeka.

Februari iliyofuata nikaitwa, paa linavuja. Nikafika saa saba mchana. Darasa moja lilikuwa tupu kabisa, madawati yamepangwa vizuri, na watoto wote wako nje chini ya mwembe, wamebanana wakifuata kivuli kinavyohama. Mwalimu akaniambia kwa upole tu, kama mtu anayeeleza ratiba, "Kuanzia saa sita humu hatufundishi, fundi. Tunawaandikia kwenye daftari wakiwa nje." Nikaingia darasa la pili. Mtoto mmoja, labda wa darasa la tatu, alikuwa amelala chini, shavu ameligandisha kwenye sakafu ya saruji kwa kuwa ndiyo pekee yenye ubaridi mle ndani. Mwalimu wake hakumwamsha. Juu ya kichwa chake niliona misumari yangu mwenyewe, imepigwa kwa mstari ulionyooka, kazi safi.

Sijaisahau picha ile. Lile darasa nililijenga mimi, na pesa ililipwa na wananchi, na kwa miezi mitano ya mwaka halitumiki mchana. Hilo si darasa kamili, ni nusu darasa. Na bati jeupe la geji ile ile, kwa jinsi ninavyonunua dukani siku zote, halina bei tofauti na la bluu. Bei inakwenda na geji na muundo wa migongo. Tungeandika neno moja tofauti kwenye karatasi.

Mapaa ya zege nayo nisiyaruke, maana mnayapitisha kwa wingi katikati ya jiji. Bati ni jembamba. Jua likizama linapoa haraka, mpaka alfajiri unaona umande umelowesha. Zege linafanya kinyume. Linakunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku, saa nne, saa sita, wakati mtu wa ghorofa ya mwisho anatafuta usingizi. Na wengi wakizuia kuvuja wanalipaka lami nyeusi. Chicago, Marekani, Julai 1995, joto kali la siku chache liliua watu zaidi ya 700, na waliochunguza baadaye waligundua kuwa kuishi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, ni kati ya mambo yaliyoongeza hatari ya kufa. Ufaransa ilipopoteza watu wapatao 15,000 kwenye joto la Agosti 2003, huko Paris vile vyumba vya juu vilivyo chini ya mapaa ya zinki vilikuwa miongoni mwa mahali pabaya pa kukutwa. Hizo ni nchi zenye hospitali na magari ya wagonjwa kila kona. Sisi hatuna hata utaratibu wa kumhesabu bibi aliyefariki usiku wa joto Mbagala. Tunasema presha ilipanda, tunazika.

Wenzetu walioumia walichukua hatua. Mji wa Ahmedabad nchini India ulipigwa na joto Mei 2010, watu zaidi ya 1,300 kuliko kawaida wakafariki mwezi huo. Mwaka 2013 ukatoa mpango wa kukabiliana na joto, na mwaka 2017 ukaanza kupaka nyeupe mapaa ya nyumba za watu wa kipato cha chini, kama nyumba 3,000 kwa kuanzia. Vyumbani joto likashuka kwa nyuzi 2 hadi 5. Mtu anayelala chini ya bati peke yake anajua nyuzi 3 ni nini: ni kulala au kukesha barazani. New York walianza mwaka 2009, wakawatumia watu wa kujitolea na vijana wanaotafuta kazi, na wamekwisha kupaka zaidi ya futi za mraba milioni 10. Los Angeles tangu 2014 nyumba mpya inatakiwa iwe na paa linalorudisha jua, ni sheria. Na watafiti wa London wakazichukua siku mbili za joto kali la mwaka 2018, wakapiga hesabu ya kompyuta: kama mapaa yote ya mji yangekuwa meupe, hewa ya nje ingepoa kwa wastani wa nyuzi 1.2. Viyoyozi katika hesabu hiyo hiyo viliongeza joto la nje. Kiyoyozi kinahamisha joto tu, kinalitoa chumbani kwako na kulimwaga uchochoroni, anapopita mama muuza mihogo.

Naomba ninyi wahandisi mnisikilize kwa makini hapa, maana wengi mkisikia "paa baridi" mnawaza bustani juu ya ghorofa. Chicago wamepanda majani juu ya jengo la manispaa yao, ni kweli, na wanapendeza. Sisi hatuna maji ya kumwagilia mchicha. Bustani ya paa ni mzigo mzito, inataka zege nene na mtu wa kuitunza. Nyeupe inataka ndoo, brashi na ngazi.

Tena huu si ugeni kwetu. Mawe ya nyumba za kale za Unguja, Kilwa na Lamu yalipakwa chokaa nyeupe, na babu zetu walioezeka makuti walilala chini ya paa linalopitisha hewa na lisilohifadhi joto. Siwaombi turudi kwenye makuti, moto tunaujua. Nasema tulipohama kutoka makuti kwenda bati tulipata kinga ya mvua tukapoteza kinga ya jua, na hakuna aliyekaa chini kuidai ile ya pili.

Yapo ya kusemwa upande wa pili, na mimi ndiye nitakayeyasema kabla ya mtu mwingine. Jeupe linachafuka. Vumbi la kiangazi na ule ukungu mweusi unaoota baada ya masika vinapunguza nguvu yake, kwa hiyo lazima lioshwe, walau mara moja kwa mwaka kabla ya joto la Desemba. Linaumiza macho ya jirani aliye ghorofani, hilo lipo pia, na rangi ya maziwa au kijivu chepesi inapunguza mng'ao huo huku ikipoteza faida kidogo tu. Kwenye bati msipake chokaa, nawasihi. Chokaa mbichi inakula zinki, na masika moja ikipita imekwisha kubambuka, mtasema rangi nyeupe haifai. Chokaa ni ya zege. Bati linataka rangi ya maji ya nje iliyotengenezwa kwa ajili ya paa, baada ya kusugua kutu na kupaka ya kwanza ya kuzuia kutu. Na pale maji ya mvua yanapokingwa kwenye tangi la shule, rangi iwe isiyo na madini ya risasi. Hilo liandikwe kwenye zabuni kwa maandishi makubwa.

Anayependa rangi ya mkaa kwa moyo wote naye aelezwe kuwa karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kwenye mwanga usioonekana kwa macho. Siku hizi kuna rangi zilizokoza zinazorudisha huo usioonekana. Hazifiki nyeupe, lakini zinazidi mkaa wa kawaida.

Na nyeupe haifuti dari. Bati jeupe bila dari bado linapasha chumba, hasa likiwa limechakaa. Na dari bila matundu ya kupumulia kwenye mashavu ya paa inafungia joto juu pale pale, usiku linashuka. Nyumba hizi mpya za kuficha bati, zenye ukuta umezunguka paa lote, mara nyingi nafasi ile ya juu imezibwa kabisa. Hamuoni kwenye mchoro, lakini fundi akipanda kukarabati taa mule ndani anatoka shati limeloa kama aliyeogelea.

Ninachowaomba kinaingia kwenye mamlaka mliyo nayo leo, hakihitaji Bunge. Makadirio ya kila darasa, zahanati, soko na kituo cha daladala kinachojengwa kwa pesa ya umma katika mkoa huu yaandike bati jeupe au la rangi nyepesi, na dari isiwe ndicho kitu cha kwanza kukatwa pesa ikipungua. Kateni vigae vya barazani. Kateni geti la mapambo. Fomu ya kibali cha ujenzi iwe na mstari unaomuuliza mwenye nyumba rangi ya paa lake, na afisa anayeipokea amweleze kwa dakika mbili kile nilichowaeleza hapa. Sitaki alazimishwe. Watu wengi wanachagua mkaa kwa kuwa hakuna aliyewaambia kitu.

Kuhusu mapaa yaliyopo, mna asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila mwaka vikundi vinaomba pesa ya bodaboda na kuku. Vipeni vingine mkopo wa ngazi, mikanda ya usalama, brashi na pampu ya kuoshea, kisha vipeni kazi: mapaa ya shule zenu wenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Hakuna ukame wa mapaa, na vijana wa kuyapanda nawajua, wananipigia simu kila asubuhi.

Kama hamniamini, na mna haki ya kutoniamini kwa kuwa mimi ni fundi tu, jaribuni kwa vyumba viwili. Yale madarasa yangu mawili yamejengwa yakitazama upande mmoja, ukubwa mmoja, bati moja. Tupake moja, tuache moja. Tundikeni kipima joto ukutani kwenye kila darasa, mwalimu aandike saa nne, saa saba na saa tisa, muhula mzima.

Shule zinafungwa mwezi wa sita, mvua zimekata, bati limekauka, ndio wakati mzuri kuliko wote wa kupaka. Kusugua na kupaka darasa moja ni kazi ya siku nne kwangu na vijana wawili. Ufundi sitauchaji, na vijana nitawalipa mwenyewe. Ninahitaji ndoo za rangi na barua yenye mhuri wenu ya kuniruhusu kupanda, maana mwalimu mkuu amenipokea vizuri lakini anasema bila barua hawezi kuniruhusu kugusa mali ya serikali, na yuko sahihi. Nimekwisha kumwachia namba yangu. Naisubiri barua hiyo kabla ya mwisho wa Mei.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kuezeka,
Mbagala, Temeke